Mkono Nilioufuta kwenye Picha ya Kigwa

Mwanangu Milembe,

Mama yako yuko sebuleni anabishana na begi lako. Kila akilifungua na kulipanga upya, michembe ya viazi vitamu inaongezeka na nguo zinapungua. Kwa hiyo mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kuchagua majirani nimemwachia yeye. Atakwambia mpaka treni iondoke, na ikianza kuondoka atatembea kando yake akiendelea. Mimi nimejitenga huku barazani, mwanga ungalipo, nikuandikie jambo moja tu.

Jumapili uliniuliza kwa nini kwenye tovuti yangu vituo vyote vya njia ya zamani ya misafara vina picha isipokuwa Kigwa. Nikakujibu kwamba ni habari ndefu. Ukacheka ukasema, "Baba, kwako kila habari ni ndefu." Ni kweli, lakini hii nilikuwa naiogopa urefu wake.

Halafu jana ukanionyesha tovuti yako wewe. Nimeipenda. Umeandika vizuri kuliko mimi, hupigi kelele. Ukurasa wa Mpanda umeshautengeneza kabla hujafika Mpanda kuanza kufundisha, na juu yake umeweka picha ya mabehewa yakikata msitu. Nikakuuliza nani ameipiga. Ukasema, "Sijui baba, nimeikuta tu. Siku hizi kila mtu anachukua, hakuna noma." Niliinuka nikaenda kulala. Ulidhani nimechoka. Ukweli ni kwamba nilijisikia mwenyewe nikisema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya furaha, na nikakumbuka yalikonipeleka.

Wakati ule wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili. Nyumba ilikuwa imepoa bila wewe, na mimi nikaanza tovuti kama mtu mwingine anavyoanza kufuga kuku. Darasa langu ndilo lililonisukuma. Niliwauliza watoto wa darasa la sita ni nani waliopita hapa Tabora kabla ya reli, mmoja akanyoosha mkono akajibu kwa uhakika, "Mabasi." Basi nikaanza kuandika. Nikaandika juu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe mabegani hadi pwani na kurudi na nguo na shanga. Nikaandika juu ya Kwihara na Ujiji, na juu ya wale waliopita hapa wamefungwa, ambao hawakurudi. Kila kituo nikakipa ukurasa wake. Maandishi hayakunisumbua. Picha ndizo zilizonishinda, maana simu niliyokuwa nayo ilipiga picha yenye ukungu hata jua la utosini.

Nilipofikia Kigwa nilikwama kabisa. Nilikuwa nakifikia kwa kalamu tu. Kwa miguu nilikuwa sijawahi kushuka pale, napita na treni naangalia dirishani. Nikaandika jina la kijiji mtandaoni nikatafuta picha. Ikaja moja nzuri ajabu. Bibi amesimama kando ya reli, amevaa kitenge cha maua makubwa, ameshika kikapu cha uyoga, anacheka kidogo. Pembeni yake amesimama mzee mrefu, kola ya shati imefumuka, mkono wake ameuweka begani kwa bibi.

Mzee huyo hakunifaa. Alikuwa amefumba macho, kama inavyompata mtu picha inapowahi kope zake. Nikaona anaharibu. Nikamkata.

Lakini mkono ukabaki. Ukakaa pale begani kwa bibi, vidole vitatu na kipande cha kiganja, bila mwenyewe. Ulitisha kidogo. Kulikuwa na programu kwenye kompyuta ya shule ambayo ukigusa mahali inachukua rangi ya jirani na kufunika. Nikakaa nayo alasiri nzima. Nilichukua maua ya kitenge kutoka upande wa pili nikayapanda juu ya vidole, kimoja kimoja, mpaka mkono ukatoweka. Nilijipongeza. Nilimwita mama yako aje aone, akasema, "Huyu bibi ana kitenge kizuri." Nikafurahi kwamba hakuona kitu.

Jambo la ajabu ni kwamba mzee alipoondoka, kicheko cha bibi nacho kilibadilika. Alikuwa mke anayemcheka mume aliyefumba macho. Sasa akawa mwanamke aliyebaki peke yake kando ya reli. Nikaona huzuni. Haikuwa yake, nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe kwa kidole changu, lakini nikaiamini. Chini ya picha nikaandika: *Kitukuu wa watumwa walioachwa njiani, akiuza uyoga Kigwa.*

Nani aliniambia hivyo? Hakuna mtu. Nilitaka ukurasa uwe na uzito, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika juu ya watu waliofungwa minyororo, nikataka sura ya kuwawakilisha. Kule nilikoichukua ile picha kulikuwa na maandishi madogo chini yake. Sikuyasoma. Niliishusha, nikaihifadhi kwa jina la "kigwa mpya", nikafunga.

Ukurasa ule ulisomwa kuliko kurasa zangu zote. Watu walinipongeza hata kanisani. Nilitembea kifua mbele, mwanangu, nisikufiche.

Masika yalipokaribia kwisha, akaja mama mmoja shuleni. Nilimkuta amesimama nje ya ofisi ya walimu, amejifunga kanga vizuri, mkoba ameukumbatia. Umri wake kama wangu.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu. Una mtoto hapa?"

"Sina mtoto hapa," akasema. "Nina mama."

Akatoa simu. Picha yangu ilikuwa pale, na maneno yangu chini yake. Ilikuwa imetumwa kwenye kundi la ukoo wao na ndugu yao aliyeko Dar.

"Huyu ni mama yangu. Anaitwa Salome. Mimi ni Rehema, mwanawe. Nani amekwambia ni kitukuu wa watumwa?"

"Nilidhani…"

"Ulidhani." Hakupandisha sauti. "Mama yangu ni Muha wa Kasulu. Baba yake alikuwa mwashi. Alikuja huku kwa treni, akafunga ndoa kanisani, cheti anacho. Sasa mwanangu huko shuleni wanamwita mtumwa. Na kwa ndugu za marehemu baba wameanza kusema, kumbe ndiyo maana mama yenu hakuwahi kutupeleka kwao, hana kwao. Mwalimu, ulipoandika ulimwuliza nani?"

Nilianza kumweleza kwamba kuwa kitukuu wa mtumwa si aibu, aibu ni ya aliyefunga. Ni kweli, na bado naamini hivyo. Ila nilipokuwa nasema nikaona uso wake, nikajua nasema kweli mahali pasipofaa. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kumvisha mtu ukoo kama kofia.

Nikaufuta ukurasa mbele yake. Akaangalia, akatikisa kichwa.

"Hapa umefuta. Na kwenye simu za watu?"

Nikamwambia nitakwenda Kigwa kumwomba mama yake radhi.

Jioni nilimsimulia mama yako. Alikuwa anachambua mchicha, akaacha. Nikamwambia nitakwenda Jumamosi. Akasema, "Twende wote. Mwanaume akienda peke yake kuomba radhi, anarudi amejieleza tu." Nikakasirika, kwa kuwa nilikuwa tayari nimeshaanza kutunga maelezo.

Tulimkuta Bibi Salome uani, ameanika mihogo. Mama yako akapiga magoti kidogo kumsalimu, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni," kama vile tulikuwa wageni wa heri. Rehema akatuletea viti. Nikasema niliyokuja kusema. Nilisema kwamba niliandika nisilolijua, kwamba nitaandika upya mbele ya wote, na kwamba nitakwenda shuleni kwa mjukuu wake nizungumze na walimu na wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba aione hiyo picha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajaiona; wote walikuwa wamemficha ili asiumie kwa maneno ya chini yake.

Rehema akampa simu. Bibi akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Akatabasamu. "Ni mimi," akasema. "Na ule uyoga ulikuwa mtamu." Kisha akaanza kupapasa ukingo wa simu kwa kidole, kama mtu anayetafuta kilichojificha nyuma ya mlango.

"Na Yakobo yuko wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwangalia Rehema, naye alikuwa ametoa macho.

"Tulipigwa wawili," bibi akasema. "Yule kijana wa reli alituomba tusimame wote. Yakobo alikuwa hapa." Akagusa hewa kando yake. "Mkono aliuweka hapa." Akashika bega lake. "Mwalimu, mume wangu umemweka wapi?"

Milembe, nimefundisha miaka mingi. Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na wazazi, na watoto wakorofi. Sijawahi kuulizwa swali kama lile. Nikamwambia ukweli: nilimkata, na mkono nikaufuta.

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliinamia ile picha akaangalia maua ya kitenge chake pale begani, ambayo yalikuwa yamejirudia, ua lile lile mara tatu. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Kumbe mtu anaweza kufutwa."

Rehema ndiye aliyetueleza mengine, huku akitusindikiza barabarani. Baba yao alifariki mvua zilizofuata baada ya picha ile. Picha yake iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kitambulisho, na imefifia hata pua haionekani. Kijana aliyewapiga aliahidi kuwaletea nakala, wakamngoja, hakurudi. Wakadhani ni mtu wa maneno. "Hatukujua kama picha yenyewe ipo," akasema. "Mimi nilidhani mama alipigwa peke yake. Mwalimu, ile nzima unayo?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimehifadhi juu ya ile ya kwanza. Mzee Yakobo hakuwa kwenye kompyuta ya shule wala kwenye simu yangu, na sikukumbuka nilimchukua wapi.

Tulipofika nyumbani Cheyo, mama yako akifungua mlango, akasema, "Utamtafuta." Halikuwa swali.

Nikamtafuta. Kwa jina la kijiji hakutokea tena. Nilijifunza wakati huo kwamba unaweza kuupa mtandao picha badala ya maneno, nao ukakuonyesha picha hiyo imekaa wapi na wapi. Nilipofanya hivyo nikaogopa. Bibi Salome alikuwa amesafiri kuliko msafara wowote niliouandika. Alikuwa kwenye tovuti ya hoteli ya nchi za mbali, chini yake wameandika kwamba ni muuza mbogamboga wa pwani. Mahali pengine wanachangisha chakula, wamemwandika mwenye njaa, na kikapu cha uyoga wamekikata. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina, wala la bibi wala la mpiga picha. Na kwenye nyingine, mwanangu, niliona maua. Ua lile lile mara tatu. Picha yangu mimi, niliyoifuta mkono, ilikuwa imechukuliwa na wengine na kutembea, na huko ilikokwenda ndiyo iliyokuwa picha ya kweli.

Niliwaandikia wote. Wengine waliitoa, mmoja akaniomba radhi. Wengine hawakujibu mpaka leo. Mahali fulani duniani bado yuko bibi mwenye maua matatu, na sitaweza kumrudisha. Hilo nimelikubali, lakini sijalizoea.

Nilivyozidi kurudi nyuma, kutoka kwa aliyechukua kwenda kwa aliyechukuliwa, nikafika mahali ambapo wapiga picha huweka kazi zao ili watu wazitumie. Nikaona kipicha kidogo, watu wawili kando ya reli. Niliita, "Mama Milembe!" mpaka jirani akatoka. Mzee Yakobo alikuwa pale, amefumba macho, mkono begani.

Na chini yake yalikuwepo yale maandishi madogo ambayo sikuyasoma siku ya kwanza. Yalisema kwa lugha nyepesi kabisa: picha hii ni ya Gervas, unaweza kuitumia bure, lakini utaje jina langu, na kama umeibadilisha, useme umebadilisha nini. Basi. Hakuomba zaidi ya hapo. Kuyasoma kungenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na kama ningeitii sehemu ya mwisho tu, ningelazimika kuandika hadharani: *nimemwondoa mume wake*. Nani angeandika hivyo akaendelea? Ndiyo maana siku hizi, ninapobadilisha picha, huandika kwanza nilichobadilisha. Kama jambo naona haya kuliandika, siligusi. Kuongeza mwanga naandika bila wasiwasi. Kunyoosha picha iliyolala upande, vilevile. Kukata, hapo ndipo huwa nasimama na kuuliza: ninachokitoa ni uchafu au ni mtu?

Gervas alikuwa na anwani pale. Nikamwandikia, nikangoja wiki kadhaa, nikakata tamaa, ndipo simu ikapigwa. Sauti ya kijana, yenye lafudhi ya Nyanda za Juu.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Gervas, niliyepiga ile picha. Nilikuwa kazini porini, mtandao hakuna."

"Marahaba, baba. Nimekutafuta sana."

"Wale wazee wangu wapo?"

"Bibi yupo. Mzee ametangulia."

Akauliza ni lini, nikamwambia. Kisha akasema, "Niliwaahidi picha, mwalimu. Tulikuwa tunapima reli, tukahamishwa ghafla. Nilisema nikirudi nitawapelekea. Na majina yao sikuandika. Nimeandika tu 'mume na mke, Kigwa'. Nimekuwa nikiona picha yangu huku na huku, nakasirika hawanitaji jina. Kumbe na mimi sikuwataja."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa mdomo gani? Tuliongea kama watu wawili waliokutana mlangoni kwa mtu waliyemkosea. Kesho yake akanitumia picha ile nzima, kubwa, unahesabu hata nyuzi za kola. Na akatuma nyingine ambayo hakuwahi kuionyesha popote: Mzee Yakobo peke yake, baada ya kuambiwa kwamba amefumba macho, anacheka mdomo wazi mpaka unaona pengo.

Nilizipeleka kusafishwa kwenye duka la Bwana Kirit pale mjini. Alipima ile ya wawili, akaniambia, "Mwalimu, fremu niliyonayo ni ndogo kidogo. Nikate pembeni hapa, kwa huyu mzee?"

"Usikate," nikasema, na nadhani nilisema kwa ukali, maana aliniangalia juu ya miwani. Akaenda stoo akatafuta fremu nyingine. Haikuwa nzuri, ilikuwa na dhahabu ya kung'aa mno, lakini watu wawili waliingia.

Tukarudi Kigwa, mimi na mama yako. Bibi Salome alikaa kwenye mkeka, tukamwekea fremu mapajani. Aliipangusa kwa pindo la kanga ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akaanza kuongea, na haikuwa na sisi. Maneno ya kwanza yalikuwa ya Kiha, sikuyaelewa. Halafu akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mke aliyechoshwa, "Nilikwambia ubadilishe lile shati."

Rehema akacheka, akalia, akacheka. Mama yako akatoka nje. Mimi nilibaki nikitazama sakafu.

Walipotulia, nikaomba ruhusa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikamwambia Bibi Salome kwamba nataka kuirudisha picha kwenye ukurasa wa Kigwa, sasa ikiwa nzima, na chini yake majina yao wote wawili, na jina la Gervas, na kwamba yeye atamke maneno mwenyewe nami niandike anavyotamka. Nilidhani hiyo ndiyo zawadi. Niliona hata jinsi itakavyopendeza.

Bibi alifikiri. Akasema, "Hapana, mwanangu."

Nikasubiri sababu.

"Mmetembea naye vya kutosha. Sasa akae nyumbani."

Ndiyo hiyo, Milembe. Ndiyo sababu ukurasa wa Kigwa hauna picha. Maandishi nimeyaandika upya, na nimeeleza pale kwamba nilikosea na nilikosea nini. Shuleni kwa mjukuu nilikwenda, nikasimama mbele ya wanafunzi, nikasema kwamba mwalimu pia anaweza kutunga uongo akadhani anafundisha. Walisikiliza vizuri kuliko watoto wangu wa hapa Cheyo. Mtoto yule hawakumwita tena jina lile, Rehema aliniambia. Ila picha sikuirudisha. Wakati ule niliona ni adhabu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bibi hakuwa ananiadhibu. Alikuwa anatumia haki ambayo sikuwahi kumpa nafasi ya kuitumia: kukataa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nikitaja jina la mwenye picha nimemaliza deni. Kumbe aliyemo ndani ya picha naye ana neno lake, na pengine neno lenyewe ni hapana.

Sikuandikii haya ili uitoe ile picha ya mabehewa leo hii. Wewe ni mtu mzima na tovuti ni yako. Lakini ukiwa na nafasi, rudi ulikoipata, soma kilichoandikwa chini. Huenda ni Gervas mwingine anayeomba jina lake tu. Ukishindwa kumjua, iache. Andika bila picha, maandishi yako yanajitosheleza. Na unapochukua kitu mtandaoni hifadhi na linki yake hapo hapo, usijiamini kwamba utakumbuka, mimi nilijiamini. Huko Mpanda utapiga picha zako mwenyewe. Utakutana na watu wenye sura nzuri, wanafunzi wako watataka kupigwa. Waulize majina, uliza yanavyoandikwa. Kama hujui jambo, andika kwamba hujui, msomaji hatakudharau. Na ukimwahidi mtu nakala, mpelekee kabla hujahamishwa.

Utakosea vilevile. Hilo nalijua, na halinitishi. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko wako nilipokosea mimi, na nilikuwa na mke mwenye akili pembeni. Ukikosea, usikae chini kutunga maelezo. Nenda. Na kama unaogopa kwenda peke yako, nipigie, nitapanda treni mpaka Kaliua nikabadilishe ya Mpanda, twende wote.

Bibi Salome alifariki mwaka jana, wewe ukiwa kwenye mafunzo ya vitendo. Walituita mazishini. Kanisa lilijaa mpaka nje, na ndugu zake kutoka Kasulu walikuja kwa wingi, wakaimba Kiha, na ile midomo iliyosema hana kwao ilikaa kimya. Mlangoni tuligawiwa karatasi ya ratiba ya ibada. Mbele wameweka ile picha, wote wawili, mzee amefumba macho. Chini yake wameandika majina yao kamili. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, Rehema alikuwa ameweka mstari ambao hakuna mtu aliyemwambia auweke: *Picha imepigwa na Gervas. Haijabadilishwa kitu.*

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye jua kali. Mama yako akanishika mkono, akaniambia, "Songa, watu wanataka kuingia."

Giza limeingia sasa na mbu wameanza. Mama yako ananiita nije nikae juu ya begi ili zipu ifunge. Kesho stesheni sitasema mengi, unanijua. Nitakupa barua hii mkononi, na nakuomba usiisome mpaka mmeiacha Tabora nyuma.

Ukifika, nitumie picha ya chumba chako. Usichague upande mzuri wala usiongeze mwanga. Nataka kuuona ukuta ulivyo, nijue kama nije na rangi.

Baba yako,
anayekupenda.